Nimeshamlisha, Mama

Kabla Mungu hajanipa wavulana wawili na farasi mmoja, nilikuwa mtu mpole. Niliosoma nao wanaweza kushuhudia, ingawa siku hizi nikiyasema haya mbele yao wanaangalia pembeni na kuulizia bei ya mahindi.

Wavulana walikuja kwanza, kwa njia ya kawaida. Farasi alikuja baadaye, kwa njia ya mnada. Mume wangu alikuwa mchunga ng'ombe wa serikali. Kazi yake yote aliifanyia kwenye ranchi moja kusini mwa mji, akichunga juu ya farasi, na nadhani miguu yake ilishasahau kutembea. Halafu zikaja zile nyakati za soko huria. Maduka ya Sumbawanga yakajaa sabuni, biskuti na redio za kaseti, na wafanyakazi wa mashirika wakaanza kurudi nyumbani na barua za kuwashukuru kwa utumishi wao mwema. Ranchi ikatangazwa kwamba haina faida. Vitu vyake vikapigwa mnada. Wafanyakazi wenzake walinunua vitu vya maana: mabati, matoroli, mmoja alipata mpaka kabati la chuma. Wangu mimi alitembea siku mbili akarudi nyumbani kwetu, mtaa wa Izia, na farasi jike, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni.

Nilikuwa napepeta ulezi uani. Nikamwangalia yule mnyama, naye akaniangalia.

"Anakamuliwa?" nikamuuliza mume wangu.

"Hapana."

"Analiwa?"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Sasa anafanya nini?"

"Anapandwa."

"Kwenda wapi?"

Hilo hakulijibu, na mpaka leo sijajibiwa. Alimfunga farasi kwenye nguzo ya banda la nguruwe, akaingia ndani, akalala mpaka kesho yake. Alipoamka alikwenda moja kwa moja kuangalia mavi ya farasi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: kila asubuhi, kabla hata ya chai, alichukua kijiti akayachokonoa, akatikisa kichwa na kusema "Vizuri," au akakunja uso asiseme kitu. Mimi nilikaa naye miaka yote ile hajawahi kuniuliza kama nimelala salama kwa umakini ule.

Lakini nilielewa, msinione mjinga. Mtu amefanya kazi utu uzima wake wote, anaambiwa asante, nenda. Farasi yule ndiye kitu pekee kilichowafanya watu wamwite bado kwa heshima barabarani. Akipita juu yake na ile kofia yake kuukuu, hata wenye malori walipunguza mwendo. Akitembea kwa miguu alikuwa mzee tu mwingine aliyepunguzwa kazini. Kwa hiyo nilinyamaza. Tukamtengenezea farasi mkokoteni mdogo, akawa anapeleka mahindi mashineni na kunibebea mitungi ya pombe, maana nilikuwa napika pombe ya ulezi kila wiki, na ndiyo iliyotulisha.

Sasa, wavulana.

Mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo kumi na mitano. Mkubwa alikuwa amefika ule umri ambao sauti inakwenda chini na akili inaifuata. Kwa siku alizungumza maneno matatu: "Poa," "Sijui," na "Nimeshamlisha." Mdogo alizungumza mengi, yote ya uongo. Walivaa suruali za mtumba ambazo wangeweza kuingia watatu katika moja, wakazishikilia kwa mkono mmoja wakitembea, na kwa sababu hiyo walikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi.

Baba yao aliandika zamu kwa mkaa mlangoni mwa banda. Jumatatu mkubwa, Jumanne mdogo, na kuendelea hivyo. Kazi yenyewe si kazi: kukata majani, kumpa kopo moja la mahindi yaliyoparazwa, kumtekea maji, kuzoa samadi. Lakini ukipita pale asubuhi unakuta wanabishana kama wabunge.

"Zamu yako."

"Yangu ilikuwa jana."

"Jana nilikushikia."

"Ulinishikia juzi, jana nililipa."

Na farasi katikati anawasikiliza, akigeuza masikio mara huku, mara kule.

Mkinisikia nalalamika, msidhani nilikuwa natia chumvi. Siku moja mkubwa aliniambia "Nimeshamlisha, mama," bila kupepesa macho, akaenda zake kwenye kibanda cha video. Baada ya saa moja nikasikia kitu kinachanika. Farasi alikuwa amenyoosha shingo juu ya uzio, anakula kitenge changu kipya kwenye kamba. Kitenge, jamani! Alishafika kwenye pindo. Siku nyingine niliambiwa na jirani kwamba kuna farasi sokoni watu wanapigwa naye picha. Nikasema basi Sumbawanga sasa ina farasi wawili. Nikaenda. Nikamkuta wangu, amevishwa miwani ya jua, mdogo amemshika kamba, mpiga picha anapanga foleni ya vijana na mabibi harusi. Mdogo aliponiona alisema, "Shikamoo mama," kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Na kuna ile ya stoo. Waliingia usiku wa sikukuu wakanywa pombe yangu, wakajazia maji mtungi ili nisijue. Pombe ya ulezi ukijazia maji hata mtoto mchanga anajua. Tangu siku hiyo stoo ilifungwa kufuli, na ufunguo niliufunga kwenye pindo la khanga kiunoni. Nililala nao, nilikwenda nao kanisani. Mle ndani kulikuwa na mitungi na madebe ya machicha, yale makapi ya ulezi yanayobaki ukishaichuja pombe, ambayo niliwapa nguruwe wangu. Hakuna aliyeyagusa ila mimi.

Basi mwaka ule kijana mmoja wa parokia yetu alipewa upadre. Mambo hayo kwetu Ufipa si mchezo. Padre mpya anapokelewa njia panda ya barabara kuu, anasindikizwa na ngoma, vigelegele na matawi mpaka kanisani, akatoe misa yake ya kwanza nyumbani, halafu watu wanakula na kunywa mpaka wasahau walikuja kufanya nini. Parokia nyingine walimleta padre wao kwa gari dogo la wazi lililopambwa maua. Wazee wa kanisa letu wakaja kwa mume wangu, wakakaa, wakakohoa. Mmoja akasema Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya punda, na sisi Mungu ametujalia zaidi ya punda.

Mume wangu akageuka kuangalia bandani. Halafu akasema, "Atapanda. Na kijana wangu mkubwa ataongoza farasi."

Mimi nilikuwa nachuja pombe, nikaacha mkono ndani ya chujio. Hakuwahi kumpa yule mtoto kitu chochote cha kushika zaidi ya jembe. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika suruali. Akasema, "Poa." Lakini masikio yalimwiva.

Kuanzia siku hiyo nikawa na mtoto mwingine. Kila jioni alimtoa farasi akamfundisha kuzoea kelele. Mdogo alikuwa umati: alipiga debe, akapiga vigelegele, akaimba nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe. Gunia la mahindi likafungwa juu ya tandiko likawa padre. Siku nyingine mdogo alichoka kuwa umati akapanda yeye, akawa anabariki mbuzi wa majirani kwa mikono miwili. Mkubwa hakucheka. Alitembea mbele ya farasi, kamba mkononi, kichwa juu, hatua kwa hatua, kutoka kwetu mpaka kwenye mkaratusi wa karibu na kanisa na kurudi. Alijinunulia shati jeupe mtumbani, akalipiga pasi mwenyewe akalitundika ukutani. Alinunua na mkanda! Suruali ikakaa kiunoni, nikaona kumbe mtoto ana mikono miwili kama watu.

Na mimi? Mimi nilisema, "Tutaona." Ndiyo hivyo. Mtu ukishadanganywa mwaka mzima unakuwa mgumu.

Jumatano kabla ya Jumapili ile, mume wangu aliondoka alfajiri kwenda Mpui kuangalia shamba, maana mahindi yalishakauka. Alimwambia mkubwa neno moja tu: "Farasi." Mkubwa akaitikia. Mimi nikaenda misa ya asubuhi, tukakaa na akina mama kupanga mapishi, nikarudi saa tatu. Upepo wa baridi ule wa kwetu ulikuwa unavuma, vumbi limejaa uani. Nikapita bandani. Hori lilikuwa tupu kabisa, limelambwa. Farasi akaniangalia kwa jicho lile la yatima.

Mkubwa alikuwa barazani anapaka mkanda wake dawa ya viatu, redio ya kaseti inaimba pembeni.

"Umemlisha?"

"Nimeshamlisha, mama."

Hakuinua hata kichwa. Nikaangalia hori, nikamwangalia yeye. Yale yote yakanipanda kichwani kwa mpigo, kitenge, miwani ya jua, pombe ya maji. Nikasema moyoni, haya, endelea kupendeza. Mnyama atakufa njaa Jumatano ili wewe upendeze Jumapili. Sikutaka kelele, nilikuwa nimetoka kupokea komunyo. Nikafungua ufunguo kwenye khanga, nikaingia stoo, nikatoa debe zima la machicha nikamwagia farasi.

Alikula vizuri! Mate yalimtoka. Nilisimama pale nikimwangalia, nikajisikia mtu mwema kuliko wote katika ile nyumba. Mume wangu alikuwa na msemo wake kuhusu yule farasi: "Huyu si ng'ombe, tumbo lake halirudishi." Aliusema mara nyingi, na mimi kila mara nilidhani anajisifu.

Saa sita farasi alianza kukwaruza ardhi kwa mguu wa mbele. Akageuza kichwa kuangalia tumbo lake, mara moja, mara mbili, kama anayemtafuta mtu nyuma yake. Halafu akalala chini, akaviringika, akainuka, akalala tena. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mkubwa alitoka mbio barazani, mkanda mkononi.

"Mama, ana nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Mdogo nikamtuma kwa bwana mifugo, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikwenda anakokwenda bila kupitia mahali. Bwana mifugo alikuja na baiskeli yake, akaweka sikio kwenye ubavu wa farasi, akasikiliza muda mrefu.

"Tumbo limefunga," akasema. "Farasi hatapiki kama mbwa, wala hacheui kama ng'ombe. Kikiingia kibaya au kikizidi, kinakaa. Amekula nini leo?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua ili niseme. Kilichotoka ni hiki: "Waulize hao. Zamu ni zao."

"Majani," mkubwa akasema. "Mzigo mmoja, nilikata asubuhi kabla jua halijatoka. Na kopo moja la mahindi. Alimaliza yote."

Nikajua papo hapo kwamba anasema kweli. Mama unajua. Nikatazama pembeni ya uzio, nikaona panga na kamba ya kufungia majani, bado vina majani ya kijani na udongo. Siku moja! Katika mwaka mzima mtoto alifanya kazi yake siku moja, na ndiyo siku niliyochagua kutomwamini.

Mkubwa naye alikuwa anaangalia kitu. Kwenye kona ya hori, pale ulimi wa farasi haufiki, kulikuwa na tonge dogo la machicha. Akaliangalia, akaniangalia kiunoni, pale kwenye fundo la khanga. Alipita karibu na hori, akalifuta lile tonge kwa kiganja chake, akakifuta kiganja kwenye suruali.

Bwana mifugo alisema tumnyweshe mafuta ya alizeti kwa chupa na tumtembeze, tusimruhusu alale, maana akiviringika sana utumbo unaweza kujisokota na hapo ni basi. "Mkiona amekunya, amepona," akasema. "Asipokunya mpaka jua linazama, mwambieni mzee ajiandae."

Basi wakamtembeza. Mkubwa mbele na kamba, mdogo nyuma na fimbo ambayo hakuitumia, wakizunguka mtaa wa Izia, wanapita kwetu, wanapotea nyuma ya nyumba za jirani, wanatokea tena. Nikiwaona wanatokea nasema asante Mungu, bado amesimama. Mkubwa alikuwa anamsemesha farasi njia nzima. Mimi sijawahi kusemeshwa maneno mengi hivyo. Alimwambia vumilia, alimwambia mzee anakuja, alimwambia Jumapili, alimwambia usinifanyie hivi, dada yangu. Mara mbili farasi alipiga magoti ili alale, na mara mbili yule mtoto alimkumbatia shingo akamnyanyua huku analia waziwazi, mbele ya wasichana waliokuwa wanatoka kisimani, bila kujali.

Na mimi nilikaa kwenye kigoda na ufunguo wangu. Nilikuwa naona aibu, niseme ukweli. Lakini aibu yangu ilikuwa na hesabu zake. Nikajiambia, akipona hakuna haja ya kusema. Akifa, nitasema. Nikajiambia tena, akifa, nitasema baadaye.

Majirani walianza kukusanyika. Walileta na vigoda. Jua lilikuwa limeshuka sana farasi aliposimama katikati ya uwanja, akainua mkia, na akanya. Jamani! Mimi sijawahi kusikia vigelegele vile hata kwenye harusi yangu. Mdogo aliruka juu, akamkumbatia bwana mifugo. Jirani mmoja alimshukuru Bikira Maria kwa sauti. Mkubwa alikaa chini pale pale vumbini, karibu na yale mavi, akaweka kichwa kwenye magoti.

Mume wangu alifika muda mfupi baadaye, ameshuka kwenye lori la mahindi. Alikuta watu, akakuta farasi amelowa jasho, na hakuhitaji kuelezwa.

"Shikamoo baba," wakasema wote wawili.

"Nani alimlisha?"

Mdogo alimwangalia kaka yake. Mimi nilikuwa naangalia mitungi yangu.

"Ni mimi, baba," mkubwa akasema. "Nilizidisha. Nilimpa mahindi mara mbili. Nilitaka awe na nguvu Jumapili."

Nilimkanya yule mtoto kusema uongo tangu alipoanza kutamka. Nilimchapa kwa ajili ya uongo, nilimpeleka kuungama kwa ajili ya uongo. Na ule ndio ulikuwa uongo wake mzuri kuliko wote, umepangwa vizuri, una sababu, una mwisho. Nikauacha upite.

Mume wangu hakupandisha sauti. Aliokota kijiti, akachuchumaa kwenye yale mavi, akayachokonoa muda mrefu. Halafu akainuka, akatupa kijiti.

"Jumapili nitamwongoza mwenyewe," akasema.

Mkubwa akaitikia, "Sawa, baba." Akaenda kumpangusa farasi jasho.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa na kazi nyingi, namshukuru Mungu. Kila nilipofungua stoo ule ufunguo ulikuwa mzito. Shati jeupe liliendelea kuning'inia ukutani. Mkubwa alikata majani asubuhi na jioni, zamu yake na zamu ya mdogo, bila kubishana, na hilo lilinitesa kuliko angenitukana. Angenitukana ningejua la kufanya. Jumamosi nilikwenda kuungama. Niliungama hasira, niliungama kuwasema watu, niliungama kwamba nilimwonea wivu jirani kwa ajili ya mabati yake. Machicha sikuyataja. Padre aliniambia mimi ni mama mwema, niendelee hivyo hivyo.

Jumapili njia panda ilijaa watu mpaka mitaroni. Padre mpya alikuwa kijana mwembamba, na nilipomwona anamwangalia farasi nilijua kwamba hajawahi kupanda hata baiskeli. Lakini alikuwa ameahidi utii siku chache tu nyuma, akapandishwa. Akashika shingo ya farasi kwa mikono miwili, matawi yakainuka, ngoma zikaanza. Mume wangu akaongoza, na kofia yake kuukuu, mgongo umenyooka. Farasi alipita katikati ya kelele zile zote akiwa mtulivu kabisa. Mkubwa ndiye aliyemfundisha.

Mimi nilikuwa kwenye mstari wa akina mama, tunaimba. Tulipopita sokoni nilimwona mkubwa amesimama peke yake kando ya barabara, amevaa shati lile jeupe na ule mkanda. Sijui kwa nini alilivaa. Vijana wenzake walimwita, "Oya mshikaji, vipi, si ulisema utaongoza wewe?" Akatabasamu, akainua mabega. Halafu akaingia kwenye msafara akatembea pembeni yangu. Tukatembea hivyo mwendo mrefu, mimi naimba, yeye kimya.

Tulikuwa tumeshauona mnara wa kanisa aliposema, "Mama."

"Nini?"

"Siku ile nilimlisha kweli."

Hakuwa na hasira. Hakuwa anadai chochote. Alisema kama mtu anayekurudishia kitu ulichokiangusha.

"Najua, mwanangu," nikasema.

"Nilitaka tu ujue."

Nikaacha wimbo katikati. Nikatoka kwenye mstari. Akina mama walinishangaa, mmoja akanivuta kitenge, nikamponyoka. Nikapita wapiga ngoma, nikawapita watoto wenye maua, nikafika kwa mume wangu mbele kabisa, nikatembea sambamba naye.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilimpa machicha. Debe zima."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua nini?"

"Mavi yalikuwa yamejaa ulezi. Na ufunguo unao wewe."

"Tangu Jumatano?"

"Tangu Jumatano."

"Sasa kwa nini ulimnyang'anya mtoto kamba, wewe mwanaume? Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," akanijibu. "Nilidhani utasema Alhamisi."

Nilitamani barabara ile ifunguke. Akasimamisha farasi. Ngoma zikayumba, msafara wote ukasimama, na padre kule juu akauliza kwa sauti ndogo kama kuna tatizo. "Hakuna, baba," nikamwambia. Mume wangu akasema, "Kamwite." Sikwenda kumwita. Nilimpigia kelele pale pale, kwa sauti ile ile niliyozoea kumwitia samadi, na watu wakapisha njia, akaja akikimbia, suruali imekaa kiunoni, mikono yote miwili mitupu. Baba yake akampa kamba bila neno, akavua kofia yake kuukuu, akamvika.

Tulikuwa tumesimama kwenye ule mkaratusi wa karibu na kanisa. Kutoka njia panda mpaka mlango wa kanisa ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Kutoka kwenye mkaratusi ni hatua mia na nne, nimezihesabu mara nyingi baadaye nikienda misa. Hizo ndizo alizoongoza mwanangu. Nyingine zote nilizila mimi.